Kompyuta ya Kwanta na Mbolea ya Yangambi

Miongoni mwa ahadi zinazotolewa kwa jina la kompyuta za kwanta, ipo moja inayomgusa mkulima wa mihogo na mpunga wa mkoa wa Tshopo: mbolea ya bei nafuu. Inaelezwa hivi. Viwanda vya mbolea duniani hutengeneza amonia kwa njia aliyoionyesha Mjerumani Fritz Haber mwaka 1909, ambayo kampuni ya BASF iliianzisha kiwandani Oppau mwaka 1913. Naitrojeni ya hewani hulazimishwa kuungana na haidrojeni kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara mia moja. Kazi hiyo hula kati ya asilimia 1 na 2 ya nishati yote inayotumiwa na binadamu. Lakini bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi ya karanga na maharage hufanya kazi hiyohiyo ardhini bila tanuri wala mgandamizo, kwa msaada wa kimeng'enya ambacho kiini chake kina atomi za chuma na molibdeni. Jinsi kiini hicho kinavyofanya kazi hatua kwa hatua bado haijaeleweka kikamilifu, kwa sababu mwenendo wa elektroni zake unazishinda kompyuta za kawaida. Kompyuta ya kwanta, tunaambiwa, itaufumbua. Na ukishafumbuliwa mbolea itatengenezwa kwa gharama ndogo, na njaa itapungua.

Ahadi hii inastahili kupimwa kwa makini, na Kisangani ni mahali pazuri pa kuipimia. Kiasi cha kilomita mia moja ukiteremka mto kutoka mjini ipo Yangambi. Huko ndiko yalikokuwa makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933 na kuhesabiwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kilimo cha kitropiki duniani. Leo taasisi iliyoirithi, INERA, ndiyo inayoendeleza kazi hiyo kwa uwezo mdogo kuliko wa zamani. Udongo wa huko umechunguzwa kwa miongo mingi. Inajulikana una nini na unakosa nini, kwa hiyo anayeleta suluhisho kutoka mbali anaweza kupewa maswali ya kweli. Hoja yangu ni kwamba fizikia ya kwanta ni sahihi, na mashine zinazojengwa juu yake ni kazi ya wataalamu mahiri, lakini madai kwamba zitabadilisha maisha ya watu wa kawaida miaka ya karibuni hayajapata ushahidi wa kutosha. Zaidi ya hapo, ahadi hizi tukizifuata moja moja mpaka mwisho wake, mara nyingi tunakuta kwamba kikwazo kilichomnyima mtu mbolea, umeme au dawa hakikuwa ugumu wa hesabu.

Kwanza mashine yenyewe. Kompyuta ya kawaida, iwe ya ofisini au simu iliyo mfukoni, huhifadhi kila kitu kwa biti, yaani sifuri au moja. Kyubiti ni kitu kidogo cha kimaumbile, kwa mfano mzunguko wa umeme uliopozwa sana au atomi moja iliyoshikwa kwa leza, ambacho hali yake inaweza kuwa mchanganyiko wa sifuri na moja mpaka kitakapopimwa. Kyubiti nyingi zikifungamana, namba zinazohitajika kueleza hali yake ya pamoja huongezeka maradufu kila inapoongezwa kyubiti moja. Kwa kyubiti 30 ni namba zipatazo bilioni moja, na kompyuta nzuri ya mkononi inazimudu. Kwa kyubiti 50 namba hizo hupita milioni moja ya mabilioni. Ndipo wengi wanapoteleza na kusema kwamba mashine hii hujaribu majibu yote kwa mpigo mmoja, kisha inachagua lililo sahihi. Sivyo. Ukiipima inakupa jibu moja tu, na kama hukuiandaa jibu hilo ni la bahati nasibu. Maandalizi yenyewe ni kupanga hesabu ili njia za majibu mabaya zifutane na njia za jibu zuri ziongezane, kama mawimbi ya boti mbili yanapokutana katikati ya mto Kongo: hapa yanapandana na kuwa makubwa, pale yanauana na maji yanatulia. Mpango wa namna hiyo umepatikana kwa matatizo machache tu, yale yenye umbo maalumu la kihisabati, na uchache huo ndio chanzo cha mashaka yangu.

Wazo la mashine hizi lilipata nguvu kutokana na mhadhara wa mwanafizikia Richard Feynman mwaka 1981: kwa kuwa maumbile yenyewe ni ya kwanta, anayetaka kuyaiga na ajenge mashine ya kwanta. Mwaka 1994 Peter Shor akaonyesha kwamba mashine hiyo, kama ingekuwepo, ingeweza kuvunjavunja namba kubwa kuwa vigawo vyake kwa kasi ya ajabu, na hivyo kufungua aina ya usimbaji fiche unaolinda benki na mawasiliano. Mwaka 1996 Lov Grover akatoa njia ya kutafuta kitu katika rundo lisilopangwa, ambayo hugeuza hatua milioni moja kuwa kama hatua elfu moja. Mengi tunayosomewa leo kuhusu kwanta kupanga safari za mizigo, kutabiri hali ya hewa au kunoa akili bandia yanaegemea faida za aina hii ya Grover, na faida hizo zikikaguliwa kwa bei ya mashine halisi hupukutika. Mwaka 2023 Torsten Hoefler, Thomas Häner na Matthias Troyer walichapisha uchambuzi ambao kila mwandishi wa habari za teknolojia angepaswa kuusoma. Waliipa kompyuta ya kwanta ya baadaye kila upendeleo, wakaikadiria kyubiti 10,000 zilizosahihishwa makosa yote, kisha wakaishindanisha na chipu moja tu ya kawaida ya siku hizi. Wakakuta kwamba kila hatua ya kwanta ni ya polepole kiasi kwamba faida ya Grover humezwa, na kwamba kazi yoyote inayodai data nyingi kuingia na kutoka haifai kabisa. Troyer si mpinzani wa nje. Alikuwa mtafiti wa Microsoft, kampuni inayotaka kuzijenga mashine hizo. Ukikubali hesabu yao, unafuta kwenye orodha majahazi ya mto Kongo, mvua za msimu na rekodi za benki. Yanabaki mambo mawili makubwa: kuvunja usimbaji fiche, na kukokotoa kemia.

Kisha kuna makosa. Kyubiti huharibiwa na joto, mtetemo, hata na mnururisho unaopita. Mashine za Google na IBM hupozwa mpaka kufikia karibu nyuzi 273 chini ya sifuri, zikibakiza kama sehemu moja ya mia ya nyuzi juu ya baridi ya mwisho kabisa, na hata hivyo hatua moja kati ya mamia au maelfu machache hukosewa. Hesabu yenye manufaa inahitaji mabilioni ya hatua. Dawa yake inajulikana tangu katikati ya miaka ya 1990: kyubiti nyingi dhaifu hufungwa pamoja ziwe kyubiti moja imara, huku makosa yakigunduliwa na kurekebishwa njiani. Mwanafizikia Mikhail Dyakonov aliandika mwaka 2018 kwamba jambo hilo halitafanikiwa kamwe, kwa kuwa mashine ya kyubiti elfu moja ina vipimo vingi kuliko chembe zote za ulimwengu, na hakuna awezaye kuvidhibiti. Hapo simfuati. Nadharia ya kusahihisha makosa haidai udhibiti wa kila kipimo, na Desemba 2024 Google ilionyesha kwa chipu yake ya Willow, yenye kyubiti 105, kwamba kadiri kundi lilivyopanuliwa ndivyo makosa yalivyopungua zaidi ya nusu kila hatua. Hilo ni tukio kubwa la kisayansi na lisipunguzwe thamani. Lakini tazama lilipofika: kyubiti 101 zilitumika kutunza kyubiti moja imara, si kuifanyisha kazi, na bado ilikosea kama mara moja katika kila mizunguko 700. Kinachohitajika ni kosa moja katika mabilioni, kwa mamia au maelfu ya kyubiti imara zinazokokotoa kwa pamoja.

Historia ya matangazo nayo inafundisha tahadhari. Oktoba 2019 Google ilitangaza kwamba chipu ya Sycamore, yenye kyubiti 53, ilifanya kwa sekunde 200 kazi ambayo ingeichukua kompyuta kubwa kuliko zote miaka 10,000. IBM ikajibu papo hapo kwamba kwa mpangilio mzuri zaidi ingetosha siku mbili na nusu. Miaka michache baadaye watafiti wa China wakaifanya kwa saa 15 hivi, wakitumia chipu 512 za kawaida. Kazi yenyewe ilikuwa kuchota namba za nasibu kutoka kwenye mzunguko wa nasibu, na hakuna mtu aliyekuwa akizihitaji. Mwaka 2018 Ewin Tang, akiwa bado mwanafunzi kijana, alichukua mfano mmoja uliosifiwa sana wa faida ya kwanta, ule wa kupendekeza bidhaa kwa wateja, akathibitisha kwamba kompyuta ya kawaida inaweza kuufanya karibu sawa. Na mwaka huohuo wa 2018 jarida la Nature lilichapisha ushahidi wa chembe ambazo zingekuwa msingi wa aina mpya ya kyubiti, kutoka kundi lililofadhiliwa na Microsoft; makala hiyo ikaondolewa na waandishi wenyewe mwaka 2021. Microsoft ilipotangaza tena chipu ya aina hiyo Februari 2025, wahariri wa Nature waliambatanisha kauli kwamba matokeo yaliyochapishwa hayakuwa ushahidi wa kitu kilichotangazwa. Hakuna aibu kwa sayansi kujirekebisha. Tatizo ni kwamba tangazo husikika hadi Kisangani, na masahihisho hubaki maabara.

Turudi kwenye mbolea, maana ndiyo ahadi nzito kuliko zote. Mwaka 2017 Markus Reiher wa Zurich na wenzake walikadiria gharama ya kukikokotoa kile kiini cha chuma na molibdeni kwa mashine ya kwanta. Makadirio yakaboreshwa, na mwaka 2021 kundi jingine likafikia kyubiti dhaifu milioni nne zikifanya kazi kwa muda usiozidi siku nne. Chipu kubwa ya IBM iliyoonyeshwa Desemba 2023 ilikuwa na kyubiti 1,121. Mwaka huohuo wa 2023 Garnet Chan na wenzake walichunguza swali la msingi zaidi: je, katika kemia kwa jumla upo ushahidi kwamba kwanta itaipita kompyuta ya kawaida kwa pengo lisilozibika? Wakajibu kwamba ushahidi huo bado haujapatikana, kwa sababu molekuli nyingi zenye manufaa hukubali mbinu za kawaida za makadirio. Lakini tuseme mashine imejengwa na siku nne zimekwisha. Inachotoa ni kiwango cha nishati ya elektroni katika mpangilio mmoja wa kiini. Toka hapo mpaka kuelewa mwendo wote wa kimeng'enya ni kazi ya hesabu nyingi kama hiyo pamoja na majaribio ya maabara. Toka kuelewa mpaka kuunda kichocheo kipya ni kazi nyingine. Toka kichocheo mpaka kiwanda ni nyingine tena. Historia ya Haber mwenyewe inaonyesha kwamba mfuatano huu haulazimiki hata kupita kwenye uelewa. Alwin Mittasch wa BASF alipata kichocheo chake cha chuma kwa maelfu ya majaribio ya kubahatisha, dunia ikala chakula kilichotokana nacho kwa miongo, na maelezo ya kina ya jinsi kinavyofanya kazi yakaja baadaye sana kwa kazi ya Gerhard Ertl, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007.

Halafu mbolea hiyo ifike shambani. Udongo wa Yangambi, kama udongo mwingi wa bonde la Kongo, umeoshwa na mvua za karne nyingi. Una asidi, hushika virutubisho kwa udhaifu, na fosforasi yake ni haba. Ukimpa mkulima naitrojeni ya bure na usimpe chokaa wala fosforasi, mavuno yake yatagonga ukuta mwingine. Ndiyo maana familia nyingi za Tshopo zinaendelea kufyeka, kuchoma, kulima misimu michache na kuuachia msitu uote tena: majivu na mapumziko ndiyo mbolea wanayoimudu. Mfuko wa mbolea ya kiwandani unaokuja kwa njia ya magharibi hushushwa Matadi, hupelekwa Kinshasa, kisha hupanda mto kwa jahazi kilomita zipatazo 1,700 mpaka bandari ya Kisangani. Kwa njia ya mashariki hutoka bahari ya Hindi, huvuka Uganda, kisha huingia kwenye barabara ambazo mvua na vita hazijaziacha salama. Bei anayoikuta mnunuzi imejengwa na safari hiyo, pamoja na vizuizi na tozo za njiani. Punguza gharama ya amonia kwa nusu kiwandani, na bei ya Kisangani itasogea kidogo tu. Wakati huohuo, hekima ya wale bakteria haihitaji kukokotolewa ili itumike. Nchini Kenya, unga wenye bakteria wa kuchanganywa na mbegu za soya na maharage, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, huuzwa madukani kwa jina la Biofix. Kazi ya namna hiyo, pamoja na aina za mbegu zinazovumilia asidi, ndiyo hasa Yangambi iliundwa kuifanya, na ukosefu wa fedha za kuifanya hauna uhusiano wowote na kyubiti.

Mfano wa kobalti unaunga mkono jambo hili kutoka upande mwingine. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, karibu yote kutoka Lualaba na Haut-Katanga, na kwa miaka kadhaa ilihubiriwa kwamba kompyuta za kwanta zitabuni betri zisizoihitaji. Betri hizo zimeshakuja, na kwanta haikuhusika. Kemia ya chuma, fosfeti na lithiamu iliwekwa wazi na kundi la John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990, kampuni za China zikaiboresha kwa uvumilivu wa kiwandani, na leo karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme ni zake. Kobalti iliporundikana na bei kuporomoka, Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wake Februari 2025, na baadaye ikaweka viwango vya mgao. Wizara iliyosubiri kuona tishio likitoka kwenye mashine ya kwanta ingekuwa imetazama mlango usio sahihi.

Watetezi wa kwanta wana majibu, na mengine yana uzito. La kwanza ni kwamba kila teknolojia kubwa ilianza dhaifu, na waliocheka kompyuta za mwanzo waliumbuka. Lakini tuangalie kalenda. ENIAC, iliyokamilika Marekani mwaka 1945, ilianza mara moja kukokotoa mambo ambayo watu walikuwa wakiyakokotoa kwa mkono. Transista ilizaliwa mwishoni mwa 1947, na kufikia 1954 ilikuwa ndani ya redio zilizouzwa madukani. Nishati ya atomu ni mfano wa karibu zaidi na sisi: mfululizo wa kwanza wa kuvunja atomu uliwashwa Chicago Desemba 1942, na mwaka 1959 kinu cha utafiti cha TRICO, cha kwanza barani Afrika, kikawashwa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa. Ni miaka 17 tu. Kwanta imekuwa na njia ya Shor tangu 1994. Mwaka 2001 mashine ya kyubiti saba ikaigawa namba 15, mwaka 2012 nyingine ikaigawa 21, wakati kompyuta za kawaida mwaka 2020 ziliivunja namba yenye tarakimu 250. Teknolojia zinazotolewa kama mfano zilikuwa na manufaa zikiwa bado changa, na manufaa hayo ndiyo yaliyolipia ukuaji wake. Kwanta hailipiwi na manufaa. Inalipiwa na matarajio, na ndiyo sababu Jensen Huang wa Nvidia aliposema Januari 2025 kwamba mashine zenye manufaa makubwa ziko mbali kwa miaka 15 hadi 30, hisa za kampuni za kwanta zilianguka kwa siku moja.

Jibu lao la pili lina nguvu zaidi, na linanifanya nisiseme neno "kamwe". Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja funguo za kawaida za RSA, usimbaji wa aina ile aliyoilenga Shor, kungehitaji kyubiti milioni 20. Mei 2025 Gidney huyohuyo akashusha makadirio hadi chini ya milioni moja, kwa kazi isiyofika wiki moja. Hakuna mashine iliyojengwa kati ya tarehe hizo yenye sifa hizo. Kilichobadilika ni werevu wa hesabu, na werevu unaweza kuendelea. Kwa hiyo ni busara kwamba taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa Agosti 2024 kanuni mpya za usimbaji zinazotarajiwa kuhimili kwanta, na benki na kampuni za simu zinazotoa huduma za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinapaswa kuzipokea kadiri vifaa vinavyobadilishwa. Siri za nchi zinazotakiwa kudumu miaka 20 zinastahili ulinzi huo sasa. Ila tuone hii ni hoja ya aina gani. Ni kinga dhidi ya hatari, nayo hutekelezwa kwa programu za kawaida kwenye kompyuta za kawaida. Pindi kinga hiyo itakapoenea, kazi maarufu kuliko zote za kompyuta ya kwanta itakuwa kufungua milango ambayo watu wameshaihama. Na anayeibiwa fedha za simu sokoni leo huibiwa na mtu aliyempigia na kumlaghai ataje namba yake ya siri, kosa ambalo hakuna hisabati inayolizuia.

Lipo pia jibu la tatu, ambalo kwa Mwafrika linauma: kwamba mashaka haya yatatuacha nyuma kwa mara nyingine. Ghana ndiyo iliyopeleka Umoja wa Mataifa azimio lililoufanya mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Taasisi ya hisabati ya AIMS ilianzisha kituo cha taaluma hiyo Kigali, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Witwatersrand kiliafikiana na IBM kuwa mlango wa kuzifikia mashine zake kwa vyuo vingine vya Afrika. Kwa nini Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963 na chenye kitivo cha sayansi, kisiwemo? Nakubaliana na hamu iliyo nyuma ya swali hilo. Tangu 2016 IBM imeziweka baadhi ya mashine zake kwenye intaneti, na mwanafunzi yeyote mwenye muunganisho anaweza kuzijaribu. Lakini chochote anachoweza kujifunza kwa kyubiti 20 anaweza kukiiga kwenye kompyuta yake mwenyewe bila foleni, mradi umeme uwepo. Nao umeme ndio huu: kituo cha Tshopo, kilichojengwa zama za ukoloni kwenye maporomoko yaliyo ndani ya mji, kina mitambo mitatu ambayo hata yote ikizunguka haifikishi megawati 20 kwa mji wa watu zaidi ya milioni moja, na kuzunguka yote kwa pamoja si jambo la kila siku. Mwanahisabati kijana wa Kisangani afundishwe aljebra ya matriki, takwimu, usimbaji fiche na uandishi wa programu kwa kina, kwa sababu hayo yatamfaa kama kwanta itafaulu na kama itashindwa. Somo la kwanta liwemo kama fizikia, kwa heshima yake yote. Kisichofaa ni waziri au mfadhili kuhesabu kituo cha kwanta kama hatua ya maendeleo huku Kisangani ikikosa umeme wa kutosha.

Mashaka yenye maana lazima yaseme yataondolewa na nini. IBM imetangaza kwamba mwaka 2029 itakuwa na mashine ya kyubiti 200 zilizosahihishwa, yenye uwezo wa hatua milioni 100. Hiyo ni ahadi safi, ina namba na ina tarehe, na ikitimia kama ilivyosemwa nitalazimika kupunguza sehemu ya niliyoyaandika kuhusu makosa ya kyubiti. Kuhusu manufaa nitataka zaidi: molekuli ambayo mkemia aliihitaji kabla ya mashine kuwepo, jibu ambalo kompyuta bora za kawaida zilijaribiwa kwalo kwa haki zikashindwa, na maabara huru iliyolithibitisha jibu hilo kwenye chupa. Kama molekuli hiyo itakuwa kiini cha kimeng'enya cha naitrojeni, watafiti wa Yangambi watakuwa na haki ya kuwa wa kwanza kuuliza inabadilisha nini kwenye udongo wenye asidi, na mfuko utafikaje bandarini.